Machipukizi ya Mwanzi kutoka Kinangop

Kilichonitoa nyumbani kwangu Kiamunyi, kando ya mji wa Nakuru, mimi mwalimu mstaafu mwenye goti bovu, ni mboga ambayo sikuwa nimewahi kuionja. Watu wa kanisani wameniuliza mara nyingi ilikuwaje nikaonekana nikishuka garini na ndoo ya machipukizi ya mwanzi, na mbona tangu siku ile kuna sufuria moja jikoni kwangu ambayo haifunikwi. Nimeamua kuandika yote mara moja ili nisirudie hadithi kila baada ya ibada.

Lan ni mke wa mwanangu Kiprono. Walikutana wakiwa wapishi katika hoteli moja huko Arabuni. Kiprono bado yuko huko akimalizia mkataba wake, na Lan alikuja akae kwangu, kwa hiyo nyumbani tuko sisi wawili. Kwao ni milimani, kaskazini mwa Vietnam, katika mkoa wa Yen Bai. Kiswahili amekiokota sokoni na kwangu, na anakisema bila woga.

Mamake alifariki Lan akiwa na mimba ya miezi minne. Daktari alikuwa amemwamuru alale kitandani, na habari ya kupanda ndege hakutaka hata kuisikia. Mazishi tuliyatazama kwenye simu, tumeketi kwenye sofa yangu, na mtandao ukakatika jeneza lilipokuwa likinyanyuliwa. Lan hakulia. Alisimama, akaenda kuanua nguo, akazikunja zote, hata zile ambazo hazikuwa zimekauka.

Kwao, ikifika siku ya mia, watu wa nyumba huweka picha ya marehemu mezani, wakapika chakula alichokipenda, kisha wakamwita aje ale. Mimi ni mama wa kanisa, na sikulelewa kuwaita wafu mezani. Nilimuuliza Lan kama ni lazima.

"Mama, mazishi nimekosa," akanijibu. "Hii siwezi kosa."

Nikamuuliza mamake alipenda chakula gani.

Chakula chenyewe wao hukiita mang. Ni machipukizi ya mwanzi, yale yanayochomoza ardhini mvua ikianza, na ya milima ya kwao ni ya aina chungu. Mamake alikuwa akiyapika na mguu wa nguruwe, na watu wa kijiji walijua siku anayopika kwa harufu tu. Katika duka moja kubwa mjini Nakuru tulipata ya mkebe. Lan alionja kipande kimoja, akafunika mkebe.

"Hii ni maji tu," akasema.

Zilikuwa zimebaki siku tano. Nilimpigia simu mdogo wangu Kipkemoi, anayefanya kazi kwenye mitambo ya stima ya mvuke wa ardhini huko Olkaria, kwa sababu ni mtu wa kuzungukazunguka na anajua kila shamba kati ya Gilgil na Njabini. Alisema mianzi anaijua, tena mingi, na kwamba angekuwa na siku mbili za mapumziko.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kipkemoi alikuwa getini na gari lake la Probox. Nilikuwa nimemwekea Lan mito miwili nyuma, chupa ya chai, viazi vitamu, na barua ya daktari, ambaye sasa alikuwa amemruhusu kutembea, mkobani endapo lolote lingetokea. Lan mwenyewe alibeba panga fupi alilolinoa jioni iliyotangulia, akalifunga kwenye taulo. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, na tuliposhuka Mbaruk ziwa la Elmentaita lilionekana jeupe chini yetu. Miaka yote nimepita pale nikiwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi au nikisinzia. Safari hii Lan aliomba tusimame, nami nikasimama naye, nikaona kwamba mahali hapa ni pazuri kupita kiasi, na sikuwa nimewahi kumwambia mtu hivyo.

Njiani nilimuuliza mboga hii hupikwa vipi. Nilifundisha upishi miaka thelathini na moja, na swali hilo huwa linanitoka lenyewe. Lan alihesabu kwa vidole. Kuna ya kuchemsha na kuchovya kwenye chumvi na pilipili. Kuna ya kuchoma kwenye majivu na ganda lake. Kuna ya kupasua, kujaza nyama ya kusaga, kufunga kwa uzi wa ganda lenyewe, kisha kukaanga. Kuna ya kutia kwenye chupa na maji ya chumvi mpaka ichachuke, ya kupikia samaki. Kuna ya kukausha juani, hiyo hukaa mwaka mzima na hupikwa siku za sherehe.

"Na ya mama?" Kipkemoi akauliza.

"Ya mama ni ya mvua. Imekatwa leo, imechemshwa leo."

Naivasha tulifika kabla ya saa tatu. Mianzi ya Kipkemoi ilikuwa kwenye bustani ya hoteli kando ya ziwa, mizuri, ya manjano yenye mistari ya kijani. Lan aliigusa, akachungulia mashinani, akatikisa kichwa.

"Anko, hii ni ya kuangalia."

"Mwanzi si ni mwanzi?"

"Na mbwa si ni mbwa?" Lan akamjibu, na mdogo wangu, ambaye hupenda sana kuwa na neno la mwisho, akaenda kuwasha gari.

Nadhani ni kwa ajili ya aibu hiyo alitupeleka kuona Olkaria, ili siku isipotee bure. Mimi nilikuwa sijawahi kufika, ingawa taa ya jikoni kwangu huenda inatoka huko. Mvuke unapanda kutoka ardhini mahali pengi kwa wakati mmoja, mweupe, na mlio wake unausikia kifuani kabla ya masikioni. Mabomba yanapanda na kushuka vilimani mpaka macho yanachoka kuyafuata. Lan alishika tumbo lake kwa mikono miwili, akatazama kwa muda mrefu.

"Na hakuna mtu anapika hapa?" akauliza.

"Hapa tunapika stima tu," Kipkemoi akasema.

Tulilala kwake Naivasha. Jioni, tukila, alikiri kwamba kuna mama mmoja Kinangop, Mama Wairimu, ambaye humuuzia viazi, na kwamba chini ya shamba la huyo mama, kando ya kijito, aliwahi kuona mianzi mirefu ya msituni. Hakuwa ametutajia mapema kwa sababu barabara ya huko huharibu gari. Nilimwambia maneno ambayo dada mkubwa ana haki ya kumwambia mdogo wake.

Ijumaa saa moja asubuhi tulianza kupanda. Bonde lilibaki nyuma yetu, joto likabaki nalo, na kila tulipopinda kona nilivaa kitu kingine: kwanza sweta, kisha leso, kisha koti la Kipkemoi. Kinangop ni kabichi, viazi, kondoo na ukungu. Barabara ya mwisho ilikuwa tope tupu, na Kipkemoi aliendesha akiongea na gari kwa lugha ya mama.

Mama Wairimu tulimkuta akikamua. Ni mjane wa umri wangu, mfupi, mwenye buti za mpira. Shamba hilo baba mkwe wake alilipata wazungu walipoondoka, na mianzi ilipandwa na marehemu mumewe kushikilia ukingo wa kijito.

"Mnataka mirangi? Mianzi ya fito?" akauliza.

"Hapana, mathe," Kipkemoi akasema. "Wanataka zile ndogo zinatoka chini. Za kula."

"Za kula nani?"

"Sisi," nikasema.

Alinitazama, akamtazama Lan na tumbo lake. "Hizo ni chakula ya nyani. Mimi huwafukuza na mawe kila mwaka, kumbe ningewaita nyinyi." Alicheka mpaka akaweka ndoo ya maziwa chini. Kisha akaenda kutafuta jembe.

Saa tatu tuliingia kwenye mianzi. Sijui niseme vipi. Nje kulikuwa na upepo, ndani hakuna. Mashina yalisimama kwa maelfu, ya kijani, manene kama mkono wangu, na juu yalikutana yakaufunga mwanga. Majani makavu yalikuwa yamejaza ardhi kiasi kwamba hatukusikia nyayo zetu. Nilijikuta ninanong'ona, na nilipogeuka, Mama Wairimu, ambaye amekaa na kitu hicho nyuma ya nyumba yake maisha yake yote ya ndoa, alikuwa ananong'ona pia.

Lan alivua viatu. Nilifungua kinywa kumkemea, baridi ile na hali yake ile, lakini uso wake ulikuwa umebadilika, nikaishia kumshika kiuno asiteleze. Alitembea polepole akikanyaga kwa kisigino, akisimama, akisonga. Kisha akanishika mguu, akanivua kiatu changu mimi, na soksi, akauweka unyayo wangu juu ya majani.

"Sikia," akasema.

Chini ya majani, chini ya udongo, kulikuwa na kitu kigumu chenye ncha kikinisukuma. Nilirudisha mguu kwa woga. Alifukua kwa vidole, na hapo kilikuwepo: chipukizi lenye ukubwa wa hindi, limevikwa maganda ya hudhurungi yenye manyoya, na kwenye ncha yake tone moja la maji.

"Hii haijaona jua. Ikiona jua, inakuwa kali sana. Maji inavuta kutoka kwa mama yake." Akanionyesha shina kubwa lililokuwa hatua tatu mbali.

Hakuyakata yote. Kila penye manne alichukua mawili, na lile nene kuliko yote aliliacha. Nilimuuliza mbona anaacha zuri. Alisema hilo ndilo mama wa mwaka ujao, na mtu anayelikata kwao husemwa kijiji kizima. Mama Wairimu alichimba, Lan alikata kwa pigo moja la mshazari, mimi nilitia kwenye gunia. Kipkemoi, ambaye tangu jana alikuwa ametiliwa shaka, alichomeka kijiti kando ya chipukizi moja, kikalingana nalo kabisa, akasema anataka kuona kama ni kweli vitu hivi vinakua haraka kama Lan anavyodai.

Saa tano tulikuwa jikoni kwa Mama Wairimu, moto wa kuni ukiwaka. Chipukizi likikatwa haliwezi kungoja, kila saa inaliongezea ukali na ugumu. Lan alichanja ganda kwa urefu, akaingiza kidole gumba, na maganda yote yakatoka kwa mara moja. Ndani ilikuwa nyeupe ya maziwa ya ng'ombe, yenye vyumba vyumba vidogo, na ikanuka mahindi mabichi. Nilitaka kuuma pale pale. Lan akanipiga mkono.

"Mbichi ina sumu, Mama."

Mwanamke mjamzito, mjukuu wangu tumboni, na sumu! Lan alinieleza bila haraka: inachemshwa na maji yaliyooshewa mchele na pilipili mbili nzima, maji yanamwagwa, inachemshwa tena, yanamwagwa, mara tatu. Sumu inaondoka na mvuke. Kwa hiyo sufuria haifunikwi. Ukifunika, imerudi ndani.

Sasa, mimi nimewafundisha wasichana wa watu kufunika sufuria. Kuni ni ghali, chakula kinaingia majivu, nzi wanaona. Mkono wangu ulifunika sufuria ile mara mbili bila kuniuliza, na mara mbili Lan akafunua. Mara ya tatu Mama Wairimu alikikalia kifuniko.

"Mathe, wacha mtoto apike," akaniambia.

Machipukizi mawili Lan aliyafukia kwenye majivu na maganda yake, akayafunika makaa juu, akisema moto wa makaa nao huitoa sumu. Yalikaa humo muda wa kunywa vikombe viwili vya chai. Alipoyachambua yalikuwa yamegeuka rangi ya asali, yanatoa mvuke. Aliyachovya kwenye chumvi na pilipili, akatugawia.

Kwanza ilikuwa tamu. Kisha uchungu ukaja nyuma ya ulimi, ukapanda mpaka masikioni, na mimi, nasema kwa aibu, niliutemea motoni. Nilipoinua macho Lan alikuwa anatafuna amefumba macho, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Siku tisini na tisa sikuwa nimeliona chozi lake. Mama Wairimu alimpangusa kwa leso yake mwenyewe.

"Ndiyo hii," Lan akasema. "Mama, wakati tunapika kesho, usitoe uchungu yote. Kidogo inabaki. Hiyo ndiyo yenyewe."

Niliitikia. Nataka ijulikane kwamba niliitikia.

Saa tisa, kabla ya kuondoka, tulirudi kuangalia kijiti cha Kipkemoi. Chipukizi lilikuwa limekipita kwa upana wa kidole. Tulisimama watu wazima wanne tukilitazama. Nimeishi duniani miaka hii yote nikidhani ardhi imelala. Mama Wairimu alitupa ndoo ya kubebea yaliyochemshwa na kipande cha shina chenye mizizi, nikapande.

Jioni hiyo hiyo, kabla jua halijazama, tulikuwa Kiamunyi. Miguu ya Lan ilikuwa imevimba. Nilimkanda, nikamlaza, akapitiwa na usingizi pale pale. Nikabaki jikoni na ndoo.

Nilichukua kipande, nikaonja. Uchungu ulikuwepo bado. Nikafikiria sumu, nikafikiria mjukuu, nikamfikiria Kiprono akiniuliza kwa simu nilikuwa wapi. Sisi kwetu tuna dawa ya mboga chungu, na kila Mkalenjin anaijua tangu utotoni. Mboga ya majani ya managu huchemshwa, maji yakamwagwa, ikatiwa maziwa, ikaachwa ilale, na asubuhi uchungu umekwisha na hata mtoto anakula. Mamangu alifanya hivyo, na mamake. Nilichemsha maji ya nne, nikachemsha ya tano. Kisha nikamimina lita mbili za maziwa ya jirani, nikatia chumvi kidogo, nikayaacha yachemke polepole. Na sufuria, nikiamini sumu ilikwisha kutoka na maji ya tano, nikaifunika vizuri. Nililala na furaha ya mtu aliyetenda wema.

Jumamosi, siku ya mia, Lan aliamka mapema. Alipanga meza sebuleni: picha ya mamake, mwanamke mwembamba mwenye kofia ya majani, akitabasamu na meno machache, maua ya uani kwangu, wali, mshumaa. Mguu wa nguruwe ulikuwa tayari unachemka. Kisha akafunua sufuria yangu.

Sikuhitaji kuambiwa. Alisimama na kifuniko mkononi, maji ya mvuke yakimdondokea miguuni. Alichota kipande kwa kijiko, akaonja, akaonja tena, akitafuta kitu ambacho hakikuwepo.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekuondolea uchungu," nikasema. "Kwa ajili ya mtoto."

"Nilikuambia uache."

"Uliniambia."

Kinangop kulikuwa mbali, na machipukizi mengine hatukuwa nayo. Siku ya mia ni moja. Niliketi kwenye kigoda cha jikoni, goti likiniuma, nikalia kama mtoto aliyevunja kitu cha watu. Nilimwambia nitampigia Kipkemoi, twende sasa hivi, tutarudi jioni. Nilimwambia nilijua na nikafanya. Lan akachukua bakuli bora, lile la wageni, akachota machipukizi yangu na maziwa yake, akaongeza nyama, akakata kitunguu cha majani juu. Akaenda kuliweka mbele ya picha.

Aliwasha mshumaa, akainama mara tatu kwa shida na tumbo lile, akaanza kuongea na mamake. Aliongea kwa muda mrefu, kwa lugha yao inayopanda na kushuka. Katikati nilisikia neno "maziwa", kwa Kiswahili kabisa, na baada yake Lan akacheka, machozi yakitoka. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika aproni.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza alipomaliza.

"Nimemwambia, hii si yako, Mama. Yako imeharibika. Lakini kula tu, utajua nakaa na nani."

Nilikuwa nimejiahidi kwamba wakati wa mambo hayo ningekaa jikoni. Nilienda mpaka mezani. Mwanamke yule alinitazama kutoka chini ya kofia yake, na niliona kwamba tulikuwa umri mmoja, kwamba na yeye bila shaka alipenda kusemwa kuwa anajua kupika. Alikuwa amenitumia mtoto wake mmoja, na mimi hata mboga yake sikuweza kuiacha ilivyo.

"Chamgei, mkwe," nikamsalimia kwa lugha yetu. "Nisamehe kwa maziwa. Mwakani nitauacha uchungu."

Lan alivuta viti viwili, tukala. Shina la Mama Wairimu nimelipanda nyuma ya jikoni, na sufuria ile siifuniki tena.